Inafanya Kazi kwa Nani?

Ujumbe uliingia saa sita kasoro dakika ishirini usiku, mwezi wa sita mwaka 2024. "Shikamoo anko. Nimemaliza ile tovuti ya duka la Gerezani. Naomba uniangalizie kabla sijamkabidhi mwenyewe kesho." Chini yake aliweka anwani ya tovuti na neno la siri la kuingilia. Usingizi ulikuwa umeshanichukua nusu. Nikamjibu, "Marahaba mjomba. Hongera, kazi nzuri sana," nikalaza simu kifudifudi. Ile tovuti sikuifungua. Sikuifungua kesho yake wala kesho kutwa.

Katika haya nitakayoyasimulia yamo makosa ya kijana, na nitayataja bila kumwonea haya. Nimetanguliza la kwangu kwa sababu mimi nina miaka kumi na tano katika kazi ya kutengeneza tovuti na mifumo, na yeye wakati ule hakuwa hata na miwili.

Ni mtoto wa dada yangu. Alimaliza shahada yake ya kompyuta, akakaa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, miezi kadhaa akituma barua za maombi, hatimaye Mei 2023 akapata kazi katika kampuni ndogo ya programu huko Kijitonyama, si mbali na kituo cha Sayansi. Watu saba, chumba kimoja kikubwa, jenereta nyuma ya jengo. Mshahara shilingi 700,000. Dada yangu alipika pilau siku ile.

Mwezi wa kwanza ulipoisha alinionyesha slipu yake ya mshahara kama mtu anayeonyesha jeraha. NSSF 70,000. Kodi ya mshahara 42,000. Bodi ya Mikopo 105,000, maana aliyesomeshwa kwa mkopo hukatwa 15% ya mshahara wake. Zikabaki 483,000. Nikamweleza kwamba mwajiri naye anamwekea 70,000 nyingine NSSF, na kwamba deni la Bodi lisipokatwa hapa halifutiki, linamngoja. Aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile namba ya chini. Kisichofika mkononi, kwa kijana wa miaka ishirini na minne, ni kama hakipo.

Kilichomuuma zaidi lakini hakikuwa mshahara. Pale ofisini kulikuwa na dada mmoja, mkuu wao wa kitengo, na utaratibu wake ulikuwa kwamba hakuna kitu kinachopanda kwenye seva mpaka mtu wa pili akisome. Mpwa wangu alimwandikia ukurasa wa kuingilia kwenye mfumo, yaani pale mtu anapoweka jina lake na neno la siri. Ukarudishwa. Akarekebisha, ukarudishwa tena. Mara ya tatu akaenda kumuuliza kwa nini, na ukurasa unafanya kazi vizuri tu.

"Unafanya kazi kwa nani?" dada yule akamuuliza. Akavuta kibodi yake, na mahali pa jina akaandika nusu mstari wa amri za hifadhidata badala ya jina. Mfumo ukafunguka bila neno la siri. Kijana alikuwa amechukua maneno ya mtumiaji na kuyaunganisha moja kwa moja na amri inayokwenda kwenye hifadhidata, kosa la siku nyingi ambalo kila anayeanza hulifanya, na ambalo mwizi yeyote hulijaribu kabla ya mengine.

Mimi nilipokisikia kisa kile nilifurahi moyoni. Yeye alikisimulia kama tusi. "Anko, yule dada ananifanya mtoto mbele za watu." Na hapa ndipo ningepaswa kukaa naye chini nikamwambia kwamba katika miaka yangu yote mtu wa namna ile nimefanya naye kazi mara mbili tu, na kila ninachokijua kinatoka kwao. Nilimwambia, "Vumilia." Vijana tunawaambia sana wavumilie, na mara chache tunawaambia wanavumilia ili wapate nini.

Desemba ile, kwenye harusi ya jirani, akakutana na mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya magari Gerezani. Mzee alitaka tovuti ili wateja wake wa mikoani waone vipuri alivyonavyo na bei zake. Wakakubaliana kwa mdomo, milioni mbili na nusu. Advansi laki nane, iliyobaki kazi ikiisha.

Milioni mbili na nusu gawanya kwa 483,000: unapata mishahara mitano na ziada. Hesabu ile ilimkaa kichwani usiku kucha. Tovuti moja kwa mwezi, tuseme hata moja kwa miezi miwili, na nani tena atamfanya mtoto? Januari 2024 akatuma ujumbe kwa bosi wake asubuhi kwamba haji tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, na asipozifanyia kazi siku zile mwajiri anaruhusiwa kuzikata kwenye stahili zake. Kwa hiyo hata mshahara wa Januari hakuupata. Miezi minane ya kazi iliisha kwa ujumbe wa mistari miwili, na mlango ambao angeweza kuurudia akaubamiza mwenyewe.

Nilimuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema amefikiri. Nami nikaona ni mtu mzima.

Wanaosifia kujiajiri katika kazi yetu husimulia uhuru: unaamka saa unayotaka, unafanyia kazi kitandani. Mpwa wangu aliamka saa aliyotaka kwa muda wa wiki moja hivi. Ulikuwa msimu wa mgao wa umeme. Kule Kijitonyama jenereta lilikuwa likiunguruma, na hakuwahi kujiuliza nani ananunua dizeli. Tabata umeme ukikatika saa tatu asubuhi, kompyuta yake ilimpa saa mbili tu, baada ya hapo anabeba begi kutafuta mgahawa wenye umeme, na mgahawani huwezi kukaa bila kuagiza. Bando ni lake. Seva ni yake. Nauli ya kwenda Gerezani mara tatu kwa wiki ni yake, kwa sababu mzee wa vipuri hakuwa mtu wa kuandikiana. Ukitaka jibu lake unamfuata dukani, unasubiri amalize wateja.

Na kila akienda, kazi inaongezeka. Walikuwa wamesema vipuri arobaini. Vikawa mia, halafu mia tatu, na picha zake apige yeye. Mzee aliongea kwa upole wa mzazi, "Hapo ongeza kidogo tu mwanangu," na kijana wa Kiswahili aliyelelewa vizuri atamjibuje mzee? Aliongeza. Sehemu ya wateja kuagiza, sehemu ya kuuliza bei, orodha ya matawi. Kazi ya wiki sita ikaenda miezi mitano kwa bei ileile, kwa kuwa hapakuwa na karatasi inayosema ilipoanzia na ilipoishia. Siamini kwamba yule mzee alikusudia kumdhulumu. Yeye alinunua "tovuti", neno moja, na kwa mtu asiyejua jinsi inavyojengwa, kila kitu kilichomo ni hiyo hiyo tovuti.

Katikati ya hayo alipata shule moja iliyomlipa 600,000. Alipopokea 570,000 alikuja kwangu amefura, akidhani mhasibu amemla. Nikamweleza kodi ya zuio: taasisi inayolipa huduma hukata 5% na kuipeleka TRA, na wewe unadai hati yake ili ihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Hakuwa amewahi kuisikia. Chuoni walimfundisha lugha nne za kompyuta.

Akajaribu na Upwork, soko la kazi la mtandaoni. Kule unalipia hata kuomba kazi, na wakati huo walikuwa wanachukua 10% ya malipo. PayPal ya Tanzania ilikuwa inakuruhusu kutuma fedha na si kupokea, kwa hiyo akazungukia Payoneer. Mtu wa Kanada akampa kazi ndogo ya dola 120, ikabidhiwe Jumatatu tarehe 13 Mei 2024. Huenda unaikumbuka Jumapili iliyotangulia. Tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Kijana alizunguka na simu mbili mpaka juu ya paa la nyumba ya jirani. Kazi ilifika Jumatano. Mtu wa Kanada alilipa, akaandika kwamba mtendaji hapatikani, akaacha nyota mbili. Kampuni ingekuwa na mtu wa kumpigia mteja simu na kumwomba radhi mapema. Kule mtandaoni ni jina lako peke yake, na nyota mbili za kwanza ndizo anazokutana nazo kila anayekuja nyuma yake.

Basi ilipofika Juni alikuwa amechoka na hana kitu, na tovuti ya Gerezani ilikuwa imebakiza jambo moja: sehemu ya kutafuta kipuri kwa aina ya gari. Aliijenga juu ya WordPress, ambayo ni sawa kabisa, tovuti nyingi duniani zimejengwa hivyo. Ipo plagini, yaani programu ya nyongeza, inayofanya kazi ile, lakini leseni yake inauzwa kwa dola, na advansi ilishaliwa zamani. Akapata mtandaoni nakala iliyovunjwa, ya kupakua bure. Akaiweka. Ikafanya kazi. Usiku ule ndio aliponitumia ujumbe.

Kesho yake mzee aliikagua tovuti dukani, akaipenda, akasema iliyobaki, yaani milioni moja na laki saba, atalipa mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu akapigiwa simu na mteja wake wa miaka mingi, fundi wa Morogoro. "Mzee wangu, siku hizi mmeingia kwenye kamari?" Fundi alikuwa ametafuta duka kwenye Google kwa simu yake, akabonyeza, akatua kwenye ukurasa wa kubashiri mpira wenye picha nisizoweza kuzieleza hapa. Mzee yule ni mswalihina. Alimwita kijana dukani saa ileile.

Kijana akafungua kompyuta yake, akaandika anwani, tovuti ikaja safi, vipuri na bei. Akamwambia mzee inafanya kazi. Mzee akachukua simu yake mwenyewe, akatafuta kwenye Google, akabonyeza, akamwonyesha.

Jumamosi iliyofuata ndipo nilipoifungua tovuti ile kwa mara ya kwanza, mezani kwa dada yangu, chai ikipoa. Haikunichukua dakika ishirini. Kwenye faili moja la ile plagini, baada ya mistari mingi mitupu ambayo mtu asiye makini hawezi kuishuka, kulikuwa na mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka. Nikaufumbua. Maelekezo yake yalikuwa rahisi: mgeni akija kwa kuandika anwani mwenyewe, muache. Akija kwa kompyuta, muache. Akija kwa simu kutoka Google, mpeleke kwingine. Aliyeuandika mstari ule alijua kwamba mwenye tovuti na fundi wake huingia kwa kuandika anwani, ndiyo maana wao hawaoni kitu. Wanaoona ni wateja tu.

Nilimgeuzia kompyuta asome mwenyewe. Alisoma pole pole, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba hajui kuwa nipo, "Unafanya kazi kwa nani." Dada yangu akauliza tunaongelea nini. Hakuna aliyemjibu.

Tulisafisha tovuti siku mbili. Nakala ya akiba hakuwa ameweka, kwa hiyo ilibidi turudie picha na bei nyingi kwa mkono. Lakini mzee hakuitaka tena. Alidai laki nane zake, na alidai kwa adabu, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kumkatalia. Kijana hakuwa nazo. Dada yangu alikopa kwenye kikoba chao cha Tabata, wakampelekea mzee Gerezani, mama na mtoto, fedha kwenye bahasha.

Hesabu ya miezi saba, Januari hadi Julai, tuliiandika wote pamoja. Laki nane, shule 570,000, na dola 108 za Upwork zilizotoka kama 280,000: jumla milioni moja laki sita na nusu, ambazo kwa mwezi hazifiki laki mbili na nusu, kabla ya bando, seva na nauli. Toa laki nane zilizorudi. Katika muda uleule slipu aliyoidharau ingempa 3,381,000 mkononi, ingeweka 980,000 NSSF kwa jina lake, na ingepunguza 735,000 kwenye deni la Bodi. Aprili aliugua homa ya matumbo siku kumi na tano, hakuna aliyemlipa. Aliyeajiriwa ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Wala hatukuihesabu likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28.

Namba hizo zina uzito, ila sitaki zikufiche kile kilichomwangusha. Angeweza kupata wateja kumi wazuri, umeme usikatike, nyaya za baharini zikae salama, na bado ile plagini angeiweka. Hakuwa na mtu wa kumwambia "rudi nayo". Mteja hawezi kukwambia, kwa sababu angejua asingekuajiri. Katika miaka ya mwanzo, ajira nzuri ya fundi wa tovuti inakulipa mshahara na pia inakulipa macho ya mtu mwingine, na haya ya pili hayana duka.

Nasema ajira nzuri kwa makusudi. Zipo ofisi zinazomwajiri kijana mmoja kuwa "mtu wa IT", naye hushinda akitengeneza printa, kufunga kamera na kubadilisha maneno ya siri ya mabosi, tovuti akiijenga peke yake jioni bila mtu wa kuisoma. Hapo umejiajiri kwa mshahara wa mwingine. Ukikaa miaka mitatu utatoka na cheti cha utumishi na ujuzi uleule ulioingia nao. Kijana wa namna hiyo akiniuliza, simwambii avumilie.

Na wapo waliojiajiri, Dar, Arusha, Nairobi, ninaowajua kwa sura, wanaoishi vizuri na kusomesha wadogo zao. Ninaowajua mimi wote waliwahi kukaa chini ya mtu, na wengi hawafanyi kazi peke yao hata sasa. Wako wawili au watatu, wanasomeana. Wana karatasi ya makubaliano hata kwa kazi ya laki tatu: kurasa ngapi, marekebisho mangapi, malipo kwa awamu, na domeni iandikishwe kwa jina la mteja toka siku ya kwanza. Leseni wanazihesabu ndani ya bei. Kabla ya kuacha kazi walikuwa na akiba ya miezi kadhaa na mteja zaidi ya mmoja, na walitoa notisi. Ukiwa na hayo, nenda, na Mungu akutangulie.

Mpwa wangu alipata kazi nyingine Septemba ile, kampuni ya Mikocheni, mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Aliniambia kwamba kwenye usaili, walipomuuliza kama ana swali, aliuliza ni nani atakayesoma kazi yake. Wakatazamana, kisha mmoja akanyoosha mkono. Mkopo wa kikoba waliumaliza Februari 2025.

Wewe uliyetangulia katika kazi hii, dada au kaka, najua unachoka na najua saa sita kasoro ni usiku. Kijana akikutumia kazi yake, usimpongeze kwanza. Ifungue.